Barua Pepe Haiji Yenyewe, Inafuatwa

Kijana wa Rungwe Mpya, huku kwetu Kasulu, akidahiliwa na vyuo viwili au vitatu kwa mpigo, Tume ya Vyuo Vikuu humtaka athibitishe kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa kwa simu au kwa barua pepe, na muda wa kuthibitisha huhesabiwa kwa siku. Siku hizo hizo mashamba yanaandaliwa kusubiri mvua za kwanza. Kijana yuko na jembe, simu iko dukani kwa mwenye sola inachajiwa, na barua imekwishafika tangu jana saa tatu asubuhi. Atakapoiona keshokutwa atasema mtandao wa huku mbovu.

Mtandao una lawama zake, nami sitautetea. Lakini mara nyingi mnara hausingiziwi bure tu, unasingiziwa jambo ambalo halikuwa kazi yake. Barua ilitoka Dar es Salaam ikafika kwenye kompyuta za Google ndani ya sekunde chache. Imelala huko. Kilichochelewa ni simu kwenda kuichukua, au simu kuamshwa ili iende.

Anwani yako ya barua pepe haimo ndani ya simu. Ipo kwenye seva ya mbali, na simu hufika huko kwa mojawapo ya njia mbili: inauliza kila baada ya muda fulani, au inaitwa. Utaratibu wa zamani uitwao POP haujui kuita kabisa. Kama simu imepangiwa kuuliza kila baada ya saa moja, barua iliyoingia dakika moja baada ya swali itasubiri dakika hamsini na tisa. Utaratibu wa IMAP uliongezewa uwezo wa kuita mwaka 1997: simu huacha laini wazi, ikanyamaza, na seva huvunja ukimya barua ikiingia. Hata hivyo maelekezo yake yenyewe yanataka simu iihuishe laini hiyo kabla ya dakika 29 kuisha, maana seva huweza kuikata ikidhani mteja ameondoka. Sasa fikiria simu iliyo mfukoni mwa mtu anayepanda na kushuka vilima vya Kasulu. Laini inakatika, wala simu haijui kwamba imekatika hadi ijaribu kusema kitu.

Waliotengeneza simu za kwanza zenye kompyuta ndani walikutana na tatizo hili kabla yetu. Mwaka 2002 ilitoka simu iitwayo O2 XDA, iliyotengenezwa na HTC ya Taiwan, pana kama daftari dogo, yenye kalamu ya kugusia kioo na programu za Pocket PC za Microsoft. Ilikuwa na intaneti ya GPRS, ile ya polepole, na betri isiyostahimili laini ya data iliyo wazi mchana kutwa. Kuuliza kila dakika tano kulimaliza chaji na kumaliza fedha. Kuuliza kila baada ya saa nne kulifanya barua zichelewe. Mwaka 2003 Microsoft wakaja na ujanja: seva ikipokea barua, inaitumia simu SMS ya siri ambayo mwenye simu haioni. Simu inaisoma, inafungua data, inachukua barua, inafunga data, inalala. SMS ilikuwa inapiga hodi tu. Mzigo ulipita kwa njia nyingine. Miaka miwili baadaye waliuacha utaratibu huo, wakahamia kwenye laini iliyo wazi ambayo seva huishikilia kimya mpaka kuwe na la kusema. BlackBerry nao walikuwa na vituo vyao wenyewe vya kusukuma barua hadi kwenye simu, na ndiyo maana wakubwa wa maofisini waliona fahari kushika simu ya BlackBerry. Huduma za simu zile za zamani zilizimwa tarehe 4 Januari 2022.

Kwa mtu wa Dar, historia hiyo imepitwa na wakati. Kwa mtu wa milimani kwetu, nadhani ule ujanja wa mwaka 2003 bado ndio wenye akili kuliko yote yaliyofuata. SMS hupita kwenye mtandao dhaifu ambao hauwezi kufungua hata ukurasa mmoja. Haihitaji bando. Na simu ikiwa imezimwa, SMS husubiri kwenye kituo cha kampuni ya simu, mara nyingi kwa siku kadhaa, kisha inaingia mara tu simu inapowashwa. Laini ya data haina subira hiyo. Basi tuurudishe ujanja ule kwa mikono yetu: SMS ipige hodi, nawe ndipo uifuate barua.

Njia ya kwanza ni ya bure kabisa na kila mtu anaijua: kubipu. Mnunuzi wa maharage aliyeko Kigoma mjini au Mwanza anayemtumia katibu wa chama cha ushirika (AMCOS) oda kwa barua pepe, aombwe kubipu mara moja akishatuma. Wengi huona aibu kuomba hivyo, wakidhani wataonekana washamba. Mnunuzi anataka mzigo, hana muda wa kukudharau. Upungufu wa bipu ni kwamba simu ikiwa imezimwa hodi imepotea, kwa hiyo kwa jambo zito mwombe SMS: maneno mawili, “nimetuma barua”.

Njia ya pili ni ya mifumo ya serikali na vyuo: huko hodi inategemea namba uliyojaza. Iwe ni maombi ya ajira kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, iwe ni mkopo wa Bodi ya Mikopo, jaza namba ya laini unayolala nayo. Usijaze laini ya ofa ambayo utaitupa msimu wa tangawizi ukiisha. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, na namba yake huweza kupewa mtu mwingine. Siku hiyo hodi yako itapigwa kwenye nyumba ya mgeni. Wala usitegemee barua peke yake kwa mambo ya usaili. Sekretarieti ya Ajira huweka tangazo la walioitwa kwenye tovuti yake, kwa hiyo tovuti ifunguliwe hata kama kikasha kiko kimya.

Njia ya tatu inahitaji saa moja mbele ya kompyuta, ila ikishawekwa haidai chochote. Gmail inakuruhusu kupanga kwamba barua zinazotoka kwa mtumaji fulani, chuo chako kwa mfano, zipelekwe pia kwa anwani nyingine. Kama una kaka au shangazi anayefanya kazi Kasulu mjini, mwenye umeme na mtandao wa uhakika, weka anwani yake. Google itampelekea namba ya kuthibitisha, akupe, uijaze, kwisha. Tangu hapo barua ya chuo ikiingia kwako inaingia na kwake, naye anakupigia. Hajui neno lako la siri, haoni barua zako nyingine. Mpango huu haupatikani ndani ya programu ya Gmail ya simu, lazima ufungue Gmail kwenye kivinjari kwa sura ya kompyuta, na hilo ndilo linalowafanya watu waukose.

Tuje kwenye simu yenyewe, maana hapa fedha nyingi zinapotea. Simu za mtumba zinazouzwa minadani nyingine ni nzuri kwa kupiga na kwa tochi, lakini kwa barua pepe zimekufa, na muuzaji anaweza asijue. Google walifunga kuingia kwenye akaunti kwa simu za Android toleo la 2.3.7 na yaliyo chini yake tarehe 27 Septemba 2021. Tarehe 30 Mei 2022 wakaacha kukubali programu zinazoingia kwa jina na neno la siri tu bila ukaguzi wa kisasa. Microsoft wakafanya kama hivyo kwa anwani za Outlook na Hotmail tarehe 16 Septemba 2024. Ndiyo sababu simu ya zamani itakwambia neno la siri si sahihi, ulibadilishe mara kumi, na bado ikatae. Neno ni sahihi. Mlango umebadilishwa kitasa.

Kwa simu za vitufe, Vodacom walileta Smart Kitochi mwaka 2019, yenye mfumo wa KaiOS, na simu za aina hiyo zina programu ya barua pepe na betri inayodumu kuliko ya simu janja nyingi. Naipenda kwa mtu asiyehitaji zaidi ya kusoma barua na kujibu kwa kifupi. Lakini simu yoyote, ya kioo au ya vitufe, mpya au iliyotumika, usiilipie kabla hujafanya hivi hapo hapo dukani: ingia kwenye akaunti yako, zima kioo, mwombe mtu akutumie barua, subiri. Kama muuzaji anakuharakisha, mwachie simu yake. Na ukighairi kununua baada ya kuingia, toa akaunti yako kabla hujaondoka.

Kwenye Android, Gmail hutumia laini moja ya Google inayoshirikiwa na programu nyingi, kwa hiyo wito wa barua hauli chaji kama watu wanavyodhani. Kinachouzima ni mambo matatu. La kwanza, usawazishaji wa akaunti umezimwa, pengine na fundi aliyetaka “kupunguza matumizi”. Fungua mipangilio ya Gmail, gusa anwani yako, hakikisha Gmail inasawazishwa na arifa zimeruhusiwa. La pili ni ukali wa simu zenyewe. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu iliyolala bila kuguswa huzuia programu zisizinduke ovyo, na simu za Tecno, Infinix na itel zina mameneja wao wa betri wanaoongeza ukali juu ya ukali. Nenda kwenye mipangilio ya programu, chagua Gmail, kisha betri, uiondolee mipaka. Ukishafanya hivyo, acha tabia ya kufagia programu zote kila baada ya dakika kumi ukiamini unaipumzisha simu. La tatu ni Kiokoa Data: kikiwashwa, Gmail hunyimwa data ya chinichini mpaka uiruhusu kwa jina.

Neno kwa wenye anwani za Yahoo, au za ofisini zinazotumia IMAP au POP, waliozifungulia ndani ya programu ya Gmail: kwenu hakuna kuitwa, kuna kuuliza tu, na muda mfupi kabisa unaoruhusiwa ni dakika 15. Kama imewekwa saa moja, ibadilishe. Na msiwaonee wivu wenye iPhone. Anayesoma Gmail kwa programu ya barua ya Apple yenyewe naye husubiri simu iulize kwa zamu, pamoja na bei yote ile. Akitaka kuitwa, apakue programu ya Gmail.

Kuna hitilafu moja ndogo inayowatesa watu wa sola kuliko wengine. Betri ikiisha kabisa kwa muda, simu nyingine huwaka na tarehe ya miaka ya nyuma. Simu inayodhani tuko mwaka 2010 itavikataa vyeti vya usalama vya seva zote, kwa sababu kwa hesabu yake havijaanza kutumika. Utaona mtandao upo, WhatsApp inalalamika, Gmail haichukui chochote. Kabla ya kumlipa fundi, tazama tarehe. Weka tarehe na saa zijipange zenyewe kutoka kwenye mtandao.

Kuhusu bando, ushauri wangu unapingana na mazoea. Wengi hununua bando la siku moja, kubwa, likaliwa na video kabla ya jua kuzama, kisha siku tatu hakuna kitu. Kwa barua pepe afadhali bando dogo la mwezi. Barua ya maandishi matupu ni nyepesi mno. Kinacholiua bando ni video zinazojipakua zenyewe kwenye makundi ya WhatsApp na programu zinazojisasisha. Zuia hivyo viwili. Viambatisho vya barua navyo visijipakue hadi uviguse.

Minara imeongezeka vijijini, hasa tangu Halotel walipoingia mwaka 2015 wakianzia huko ambako wengine walikuwa hawajataka kwenda, lakini bonde ni bonde. Simu inapotafuta mtandao dhaifu huongeza nguvu ya kurusha, na chaji huisha mfukoni bila kuguswa. Mahali ambapo 4G inakuja na kutoweka, ilazimishe simu ibaki kwenye 3G au hata 2G: barua za maandishi zitapita, na betri itakushukuru. Kumbuka tu kwamba kwenye 2G ukiwa unaongea kwa simu, data kwa kawaida husimama hadi ukate.

Na hata gridi ya Taifa iliyofika Kigoma mwaka 2022, baada ya miaka mingi ya jenereta za dizeli, haijaingia kila nyumba. Kwa asiye na umeme nyumbani, kuwa hewani saa ishirini na nne ni ndoto ya bure. Panga saa. Ofisi za serikali hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri. Anayepanda kilimani kutafuta mtandao saa 12 jioni anasoma barua za ofisi iliyokwisha kufungwa, na jibu lake litaonwa kesho. Nenda saa 6 mchana. Barua za asubuhi zitakuwa zimeingia, na ukipata swali una saa tatu na nusu za kupiga simu na kumkuta mtu mezani. Ukifika, usikae kutazama kioo ukingoja kengele: fungua Gmail, vuta orodha kwa kidole kuelekea chini, iulize seva wewe mwenyewe. Kisha fungua kikasha cha barua taka na kile cha matangazo. Barua za vyuo hupenda kuangukia huko.

Sasa niseme la steshenari, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo barua nyingi zinapopotelea bila hata mtandao kuhusika. Mzazi anampeleka mtoto kujaziwa fomu. Kijana wa steshenari ana foleni nyuma yake, anafungua anwani mpya kwa dakika tano, anaweka neno la siri analowawekea wote, na kwenye nafasi ya namba ya kurejesha akaunti anaweka namba yake mwenyewe, kwa sababu anataka msimbo ufike haraka amalize kazi. Hana nia mbaya. Lakini tangu siku hiyo anwani ni ya kwake. Mtoto akinunua simu na kujaribu kuingia, msimbo wa kuthibitisha unakwenda kwa mtu ambaye pengine amekwishahamia Kibondo au amebadili biashara.

Kwa hiyo anwani ifunguliwe nyumbani, kwenye simu ya familia, kabla ya kwenda steshenari. Jina liwe la kueleweka, linalofanana na la kwenye cheti, si la utani wa shuleni. Namba ya kurejesha iwe ya mzazi au ya mtoto mwenyewe. Neno la siri liandikwe kwenye karatasi na kuhifadhiwa pamoja na cheti cha kuzaliwa. Wataalamu wa mjini watanuna, lakini nyumbani kwetu kabati la vyeti ni salama kuliko kumbukumbu ya mtu aliyelitumia neno hilo mara moja tu. Kijana wa steshenari aandike kwenye fomu anwani unayompa, naye usimwachie akaunti wazi kwenye kompyuta yake. Kama anwani ilishafunguliwa na mtu mwingine, mfuate leo akiwa bado yupo, abadilishe namba ya kurejesha mbele yako, kisha ubadilishe neno la siri.

Anwani hiyo pia isisahaulike. Google huweza kufuta akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili, na walianza kufanya hivyo Desemba 2023. Kijana aliyefungua anwani kidato cha nne na kuirudia anapomaliza cha sita yuko pembeni kabisa mwa mstari huo. Aidha, nafasi ya bure ni GB 15, nayo inagawanywa kati ya barua, picha na mafaili. Picha za simu zikiijaza, barua mpya zinarudishwa kwa mtumaji, wewe hazikufikii kabisa.

Kujibu nako kuna mpango wake. Andika jibu nyumbani bila mtandao, bonyeza tuma, Gmail italiweka kwenye foleni na kulituma ukifika penye mtandao. Kabla ya kushuka kilimani hakikisha foleni ni tupu. Vyeti vilivyopigwa picha vipunguzwe ukubwa: faili la MB 5 kwenye 2G linaweza kukuweka juu ya kilima kwa dakika kumi na zaidi, na likikatika katikati huenda likaanza upya. Kama vyeti ni vingi, hiyo ni safari ya Kasulu mjini, wala usibishane na kilima.

Ukishamaliza kupanga yote, jaribu simu yako mara mbili kabla ya msimu wa maombi. Mara ya kwanza ikiwa na chaji ya kutosha: izime kioo, iache nusu saa mezani, kisha mwenzako akutumie barua. Mara ya pili fanya hivyo hivyo chaji ikiwa chini ya asilimia 15, maana kwenye simu nyingine Kiokoa Betri hujiwasha karibu na hapo na kunyamazisha programu za chinichini. Kama mara ya kwanza barua imelia na mara ya pili haikulia, basi ujue chaji ikishuka hapo, hodi yako iliyobaki ni SMS.